MAONI: Ukitumwa Uhispania kikazi, kula saa nane pamoja na mafundi

Nilimdanganya mnunuzi wa maparachichi kwamba nilikuwa nimeshakula. Ilikuwa saa nane kasorobo mchana, mwezi wa Oktoba, katika maonyesho ya matunda na mboga ya Fruit Attraction jijini Madrid. Mnunuzi mwenyewe, mzee mmoja mchangamfu kutoka Valencia, alikuwa amesimama mbele ya banda letu kwa dakika ishirini akiuliza kuhusu kontena na ukubwa wa matunda. Kisha akatazama saa yake, akasema twende tukale, mengine tutayamalizia mezani. Nikasema asante, nimeshiba.

Uongo mtupu. Tumboni nilikuwa na tambi za pakiti nilizochemsha kwa birika la hoteli saa kumi na mbili asubuhi, basi. Lakini kichwani nilikuwa napiga hesabu: anataka kunipeleka mkahawa gani, bili itakuwa ngapi, na je, akisema tugawane? Posho yangu ilikuwa euro 60 kwa siku, kwa siku tano, na kabla hata sijapanda ndege pale JKIA nilikuwa nimeshaigawa yote. Dada yangu alikuwa na salio la karo chuoni, na mama alikuwa ameambiwa asiwe na wasiwasi.

Mzee akaondoka na kijana wa banda jirani, wa kampuni moja ya Peru. Waliporudi saa kumi na robo walikuwa wakicheka kama watu waliosoma pamoja. Siwezi kuapa kwamba tulipoteza biashara kwa sababu ya sahani ya chakula. Ninachojua ni kwamba hakurudi kwetu.

Nayaandika haya kwa sababu karibu kila kijana ninayezungumza naye aliyewahi kutumwa ng'ambo kikazi ana hadithi yake ya tambi. Tumeambiana kwamba posho ni ya kuweka, si ya kula. Mimi nasema kula kwanza. Na ukijua kula kama wenyeji, unaweza kubaki na pesa nyingi kuliko anayejinyima.

Hesabu ni hii. Siku mbili za kwanza nilitumia euro 53. Mkate wenye kipande cha nyama baridi ndani ya maonyesho, kahawa, soda. Na usiku, njaa ikishaniondoa akili, baga na chipsi kule Gran Vía, barabara inayojaa watu kama Moi Avenue mkesha wa Krismasi. Siku tatu zilizofuata nilitumia euro 51, na nilikula hadi nikalegeza mshipi.

Kilichobadilika ni saa. Mhispania hula mlo wake mkubwa kati ya saa saba na nusu na saa kumi mchana. Baada ya hapo jikoni nyingi hufungwa hadi saa mbili na nusu au saa tatu usiku. Sasa wewe Mkenya uliyezoea kula jioni mapema, unatoka saa moja na njaa yako, unakuta pale pa kawaida hapapikwi kitu. Palipo wazi ni penye baga na zile hoteli za watalii zenye picha ya paella mlangoni. Unalipa bei ya watalii, na kosa lako kubwa ni kwamba umekuja saa mbaya.

Aliyenifungua macho ni fundi wa umeme aliyekuja siku ya tatu kurekebisha taa ya banda letu. Kiingereza chake na Kihispania changu vilikuwa sawa, maneno kumi hivi. Aliniona nikifungua pakiti ya biskuti, akatikisa kichwa, akagusa saa yake, kisha akafanya ishara ya kijiko mdomoni. Tulipanda metro kituo kimoja tu, kutoka Feria de Madrid hadi Mar de Cristal, tukaingia kwa miguu kwenye mitaa ya makazi ya Hortaleza. Hoteli yenyewe ungeipita bila kuiona. Ubao mweusi mlangoni ulioandikwa kwa chaki, televisheni ukutani, karatasi badala ya vitambaa mezani, na wanaume na wanawake waliovalia ovaroli. Kibanda, bana. Kibanda chenye kuta.

Kwenye ubao palikuwa na maneno menú del día, yaani menyu ya siku, na bei: euro 13. Bei hiyo ni ya mlo mzima. Sahani ya kwanza, sahani ya pili, mkate, kinywaji, halafu kitindamlo au kahawa. Kwa kila sahani unachagua moja kati ya tatu au nne zilizoandikwa. Kinywaji chaweza kuwa maji, bia au hata divai, ingawa kama unarudi bandani kuuza, chukua maji. Ukibadilisha kwa shilingi 150 kwa euro, hiyo ni Sh1,950. Kwa mtu wa kibanda cha Industrial Area huo ni wazimu, najua. Lakini baga ile ya Gran Vía ilikuwa euro 12, na ilinishikilia saa mbili tu. Menyu ya fundi ilinifikisha usiku, nikamalizia kwa mkate, jibini na machungwa ya dukani kwa euro nne.

Cha kuchekesha ni kwamba menyu hii haikuanzishwa kwa ajili ya mafundi. Katikati ya miaka ya 1960, enzi za utawala wa Francisco Franco, waziri aliyesimamia utalii, Manuel Fraga, aliilazimisha mikahawa kuweka mlo wa bei moja kwa ajili ya watalii, wageni waje kwa wingi na wasiogope bili. Leo watalii wanaipita wakikimbilia picha za paella, na wanaoila ni wafanyakazi wa Uhispania wenyewe, Jumatatu hadi Ijumaa. Wikendi mara nyingi haipo, au bei yake imepanda.

Na chakula chenyewe si kigeni kama tunavyojitisha. Siku ya kwanza pale nilikula kamande zenye karoti, kisha samaki aitwaye merluza. Kesho yake nikala callos a la madrileña. Hayo ni matumbo, matumbo kabisa, yaliyopikwa polepole kwenye mchuzi mwekundu. Morcilla nayo ni mutura, usidanganywe na jina. Ile ya Burgos hutiwa mchele ndani. Tortilla yao si ile ya Mexico. Ni mayai na viazi, na yeyote aliyewahi kula chipsi mayai Mombasa ataitambua upesi. Wenyeji hula kipande chake na kahawa asubuhi, kama saa nne hivi, ndiyo maana wanavumilia hadi saa nane. Majira ya baridi kuna cocido madrileño: dengu kubwa za duara, zile ambazo maduka ya Wahindi huuza kwa jina chana, pamoja na nyama za aina kadhaa na kabichi. Mchuzi huja kwanza kama supu, vingine vinafuata. Mama yangu angelalamikia kitu kimoja tu, pilipili iko wapi.

Kuhusu paella, asili yake ni Valencia, si Madrid. Ukitaka kuionja kwa bei nafuu subiri Alhamisi, maana hoteli nyingi za aina hii huiweka kwenye menyu siku hiyo. Ile ya Plaza Mayor waachie watalii.

Kuna jambo ambalo ndugu zetu Waislamu, na Waadventista pia, wanapaswa kulijua mapema. Nguruwe yuko kila mahali huko. Anaingia kwenye kamande, kwenye maharagwe, hata kwenye mboga za majani. Ukisema hutaki nyama, mhudumu anaweza kukuletea sahani yenye vipande vya jamón akiamini kabisa amekutii. Sema sin cerdo, bila nguruwe, na uulize tena kabla ya kijiko cha kwanza. Samaki na mayai vitakuokoa, lakini kukaa kwako Uhispania kutahitaji maswali mengi kuliko kwangu, na ni uongo kusema vinginevyo.

Ukila nje ya menyu, usinunue maji ya chupa bila sababu. Tangu 2022 sheria inawataka wenye mikahawa kukupa maji ya mfereji bure ukiyaomba. Na kaa ndani. Meza za nje barabarani mara nyingi hulipisha zaidi kwa chakula kilekile.

Mwenzangu mmoja wa kazini hakubaliani nami. Anasema, "Mimi nilienda kazi, sikwenda kutalii na tumbo," na kwamba kila euro aliyoirudisha ilinunua mabati ya nyumba ya wazazi wake. Siwezi kumcheka. Posho kwa wengi wetu ndiyo mshahara halisi, kwa sababu ule mwingine huisha tarehe tano. Lakini nilipomuuliza alizungumza na wateja wangapi kwenye safari hiyo baada ya saa nane, alinyamaza kidogo, kisha akasema saa hizo alikuwa akirudi chumbani kulala. Njaa hulaza mtu. Na huko, saa hizo ndizo watu wanaketi mezani kupatana bei.

Ndiyo maana lawama nyingine ni ya wakubwa wetu. Unampa kijana tikiti, mabango, sampuli na orodha ya bei, unamsomea jinsi ya kuvaa, lakini humwambii wenyeji wanakula saa ngapi na mlo wa kawaida ni pesa ngapi. Humwambii pia kama akialikwa na mteja kampuni italipa au la. Akibuni jibu mwenyewe, atabuni la woga, kama nilivyofanya mimi. Dakika tano za maelezo kabla ya safari zingetosha.

Salio la karo ya dada yangu nililipa. Katika euro 300 nilirudi na 196, zaidi ya nilivyotarajia wakati nikichemsha tambi.

Oktoba hii tunarudi Madrid. Nimeshamwambia mdosi kwamba kati ya saa nane na saa kumi mmoja wetu abaki bandani na mwingine aende kula na wateja, kwa zamu. Alicheka. Kisha akaniuliza hiyo menyu ni pesa ngapi, na kama matumbo yao yana kitunguu.