Tahadhari: Mashine ya Pachinko Haichomekwi Ukutani

Kama umenunua mashine ya pachinko, ule mchezo wa kurusha gololi unaochezwa kwenye kumbi za Japani, iliyokwisha kutumika, au jamaa amekuletea kutoka Japani, usiichomeke ukutani. Usijaribu hata kwa sekunde chache, eti uone kama taa zitawaka. Mashine hiyo haitumii umeme wa nyumba ya nchi yoyote: si volti 240 za Mombasa, si 230 za Dar es Salaam, si 120 za Marekani, wala si 100 za huko huko Japani ilikotengenezwa. Nyingi kati ya zile za kisasa zinatumia volti 24.

Nalisema hili bila kuzunguka kwa sababu sisi vyombo vya Japani tumevizoea. Friji, redio, kinanda, mashine ya kushonea, vyote hivyo tunavinunua vikiwa vimetumika, na swali letu ni moja tu: hii ni ya 110 au ya 240? Fundi akijibu ni ya 110, tunatafuta transfoma ya kushusha umeme, tunachomeka, maisha yanaendelea. Kwa pachinko swali hilo ni mtego, kwa sababu majibu yote mawili ni ya uongo. Geuza mashine uangalie nyuma. Utaona mbao tatu nne za saketi ndani ya vifuniko vya plastiki angavu, matita ya waya, na mahali fulani waya mbili zilizoachwa wazi au zenye kichwa cha plastiki kisichoingia kwenye soketi yoyote unayoijua. Karibu na hapo pana kibandiko. Kimeandikwa Kijapani, lakini herufi za kutafuta ni hizi: AC24V. Waya hizo mbili ndizo zinazomponza mtu. Anaziona, anadhani plagi ilikatwa safarini, anafunga nyingine.

Plagi haikukatwa. Haikuwahi kuwepo. Kwenye kumbi za Japani mashine hizi hupangwa bega kwa bega katika safu ndefu, na kila kinachozilisha na kuzilinda kimo ndani ya safu yenyewe: transfoma, fyuzi, waya wa ethi, na mitambo ya kupandisha gololi, kuzisafisha na kuzirudisha. Ukumbi hubadilisha mashine mara kwa mara, maana wateja hutaka michezo mipya na idhini ya kila aina ya mashine ina muda wake, hivyo zilizotoka huuzwa kwa bei ya kutupa zikiwa bado nzima kabisa. Unachouziwa ni uso na ubongo. Tumbo limebaki ukumbini.

Sasa tazama hesabu. Volti 240 kwenye kifaa cha 24 ni mara 10. Katika kitu kinachopokea umeme na kuugeuza joto, volti zikiwa mara 10 joto huwa mara 100, mpaka kitu hicho kikatike au kiwake. Kapasita za mviringo kwenye ubao wa umeme huvimba na kupasuka, plastiki huyeyuka, na nyuma ya yote hayo ni fremu ya mbao. Wengi hujituliza kwamba plagi ina fyuzi. Fyuzi ya ampea 13 inalinda waya wa plagi, hailindi mashine. Ubao unaoungua polepole kwa ampea 2 tu kwenye umeme wa 240 unatoa joto la wati 480, na fyuzi hiyo haitikisiki. Chumba kitajaa moshi huku swichi ya ukutani ikiwa salama salimini.

Wapo pia wanaopona pigo la kwanza wakaumizwa na la pili, nao ni wale waliopata transfoma ndogo ya Kijapani iliyotengenezwa kushusha 100 kuwa 24. Transfoma haijui ulichokusudia, yenyewe inagawanya tu. Ukiichomeka Marekani kwenye 120, inatoa karibu 29. Ukiitangulizia transfoma ya dukani ya kushusha 240 kuwa 110, inatoa zaidi ya 26. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye 240, inataka kutoa 57 na ushei, na yenyewe inaungua. Mashine iliyozidishiwa volti kidogo tu haifi siku hiyo hiyo. Mashine inacheza, watoto wanafurahi, na joto linaweza kuendelea kula saketi wiki baada ya wiki, mpaka usiku ambao mtu amelala ameiacha inawaka.

Unachohitaji ni transfoma moja ya kufaa umeme wa mahali ulipo, yenye koili mbili zisizogusana, inayotoa volti 24 za umeme wa AC, na yenye uwezo uliozidi wati zilizoandikwa kwenye kibandiko. Betri mbili za gari zilizounganishwa si mbadala wake. Hutoa umeme wa DC, na waya wake ukigusana na chuma unamwaga mkondo mkubwa wa kuyeyusha spana. Upande wa volti 24 weka fyuzi yake yenyewe, na kabla ya kuunganisha mashine pima kwa mita ya fundi iliyowekwa upande wa AC. Ukisoma 24 au 26 mashine ikiwa haijaunganishwa, sawa. Ukisoma zaidi ya hapo, simama. Na fyuzi ikikatika, kuna sababu. Ile desturi ya kuviringisha uzi wa shaba mahali pa fyuzi, ambayo nimeiona kwenye redio, kwenye pasi, hata kwenye chaja za betri, hapa ni kuondoa kizuizi cha mwisho kati ya kosa dogo na moto.

Lakini hatari ninayoiogopa kuliko zote inakuja baada ya umeme kuwa sahihi. Mashine imewaka, picha zinacheza, muziki unalia, gololi zimejaa kwenye sinia. Unazungusha mkono wa kurushia ulio chini kulia, na hakuna kinachoruka. Mara nyingi sababu ni kwamba mkono huo unahisi kiganja cha mchezaji kabla ya kuruhusu gololi, na bila waya wa ethi hauhisi kitu. Sababu nyingine, kwa mashine za kadi, ni kwamba zinasubiri ishara kutoka kifaa cha kadi kilichobaki ukumbini. Mtu asiyejua hayo anahangaika na waya, na hatimaye anaukuta ule wa kijani. Hapo ndipo fundi wa haraka anapousokota kwenye nyutro ya soketi, kwa hoja kwamba nyutro na ethi zinakutana mbele ya safari. Katika nyumba ambayo waya wa moto na nyutro vimepishana kwenye soketi, na nyumba hizo ni nyingi, kila chuma kilichoungwa na waya ule wa kijani sasa kina umeme kamili wa ukutani. Mchezaji amekaa mbele yake, mkono uko kwenye mashine, pengine miguu mitupu iko sakafuni. Waya wa kijani uende kwenye ethi ya kweli iliyopimwa, isiwe nyutro, na kamwe lisiwe bomba la gesi. Kama nyumba haina ethi, mwite fundi umeme aiweke kwanza.

Gololi zenyewe ni za chuma, kipenyo milimita 11. Mtoto mdogo anaweza kupaliwa nayo. Moja ikidondoka kwenye saketi ulipofungua mlango wa mashine, inaunganisha visivyopaswa kuunganishwa, basi zima umeme kabla ya kufungua, usubiri dakika kadhaa kapasita zitoe umeme wake, na usiguse saketi ndogo ya taa za nyuma ya kioo cha picha, ambayo katika baadhi ya mashine hutengeneza mamia ya volti. Mashine isiegemezwe ukutani juu ya meza. Ni nzito na inaweza kuanguka.

Zile kuukuu za miaka ya 1960 na 1970, za kurusha kwa kitasa cha springi, nyingi zikiwa zilipelekwa Marekani, zinaendeshwa na mkono na springi. Umeme wake ni wa taa ndogo tu na betri ndogo inatosha. Hizo nazo usizifungie plagi. Waya zake zimekauka na zinapita juu ya mbao.

Kama tayari umeifungia mashine yako plagi ya ukutani, na hata kama ilikubali kuwaka, zima soketi sasa, ichomoe, kisha ukate ile plagi na kuitupa ili asije mtoto au mgeni akaichomeka wewe ukiwa kazini. Ukikuta moshi umeshaanza, usimwage maji. Zima meni swichi, toa watu nje, funga mlango, waite zimamoto. Na kama uliyemuuzia au kumpa mashine kama hii hujamwambia habari ya volti 24, mpigie simu leo.