MWALIMU WA WATOTO NAYE ANASOMA

Ndugu msomaji, mwezi huu sitazungumza juu ya mahindi wala mbolea. Nitazungumza juu ya mwalimu wa chekechea wa kijiji ninachofanyia kazi.

Mama huyu ana stashahada ya ualimu. Kila asubuhi anapokea watoto wa miaka mitatu na minne katika kituo cha kijiji. Anawatunza mpaka saa saba mchana, wazazi wakiwa shambani. Usiku anasomea shahada ya ualimu katika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania.

Chuo hiki kiliundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992. Makao makuu yako Dar es Salaam, lakini kina vituo mikoani. Mwanafunzi haachi kazi yake. Anasoma nyumbani, kisha anakwenda kituoni kufanya mitihani. Asiyemaliza kwa miaka mitatu anaweza kutumia muda zaidi.

Kusoma namna hii si kazi rahisi. Mwaka wa kwanza mwalimu alitaka kuacha. Alifungua kitabu saa nne usiku, baada ya kupika na kuosha vyombo. Usingizi ulimshinda. Halafu mitihani ikaja wakati wa palizi. Je, kituo kifungwe? Kikifungwa, mtoto ataachiwa dada yake wa miaka kumi. Na huyo dada atakosa shule.

Wazazi walikutana wakapanga zamu. Kila siku wazazi wawili walikaa kituoni pamoja na msaidizi wa mwalimu. Mume wake naye alikubali kupika jioni. Mwalimu akaenda kwenye mitihani. Alishinda masomo yote ila moja. Hilo atalirudia.

Kijiji kimepata nini? Zamani watoto waliketi wakiimba herufi asubuhi nzima. Sasa wanajenga nyumba kwa magunzi na kuhesabu kwa maharage. Mwalimu anasema mtoto mdogo hujifunza kwa mchezo. Nilimwona mtoto wa miaka minne ana maharage matano. Akampa mwenzake mawili, akasema, "Yangu yamebaki matatu." Mtoto huyo hataogopa hesabu akifika darasa la kwanza.

Ndugu msomaji, mimi nina cheti cha kilimo tu. Niliwahi kuanza masomo ya stashahada nikiwa kazini. Niliyaacha mwaka wa pili. Sikusoma kila siku. Nilingoja mwezi wa mwisho ndipo nikafungua vitabu. Nilifanya kama mkulima anayepanda mvua ikiisha. Watu niliwaambia kazi ni nyingi. Nikimtazama mwalimu huyu, naona aibu.

Kwa hiyo, wewe unayetaka kusoma huku unafanya kazi, shika mambo haya:

1. Soma kidogo kila siku. Saa moja ya alfajiri ni bora kuliko saa tano za mwisho wa mwezi.

2. Waeleze watu wa nyumbani mapema. Gawaneni kazi.

3. Unachojifunza usiku, kitumie kesho yake kazini.

Nanyi majirani, msimcheke mtu mzima mwenye daftari. Mchukulieni zamu. Elimu yake itawafikia watoto wenu.

Mimi nimekwisha chukua fomu tena. Safari hii nitapanda mapema.