Asiye Mwana wa Mhunzi Atavukuta Wapi?

Wahenga walinena kwamba mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Aghalabu methali hii hufasiriwa kuwa sifa ya urithi wa tabia. Hata hivyo, ikitazamwa kwa jicho la uchumi, inafichua pengo kubwa: ujuzi wa biashara hurithiwa nyumbani. Kijana aliyelelewa nyuma ya kaunta ya duka la babake hujua kukopesha, kudai na kukadiria faida kabla hajabaleghe. Je, binti wa kibarua anayefungua kibanda cha mitumba Gikomba, yeye atavukuta wapi?

Serikali ya Kenya haijapuuza tofauti za watu. Hazina ya vijana ilianzishwa mwaka wa 2006, ya wanawake mwaka wa 2007, nayo ya Uwezo ikafuata mwaka wa 2013. Aidha, asilimia 30 ya zabuni za serikali zimetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Ni bayana basi kwamba umri, jinsia na hali ya mtu huzingatiwa fedha zinapogawanywa. Ushauri unapotolewa, hayo husahaulika. Mafunzo ya siku chache ukumbini hayawezi kuitwa ulezi.

Wapo wanaoshikilia kwamba hesabu ni hesabu, awe nani anayeifanya. Hoja hiyo ina kasoro. Mjane ambaye hati ya shamba ingali na jina la marehemu mumewe hana dhamana ya kupeleka benki. Kiziwi hapatani bei na mteja kwa njia moja na wenzake. Mshauri asiyeyajua hayo hutoa dawa kabla ya kuujua ugonjwa.

Hata hivyo, suluhisho si kumpa kila mfanyabiashara mshauri wa kabila au jinsia yake. Kufanya hivyo ni kujenga upya nyumba ya mhunzi na kuwafungia wengine nje. Asili ya mtu na imwongoze mshauri katika maswali anayouliza, isiwe ukuta.

Kiswahili kina neno mwanagenzi, yaani anayejifunza kazi chini ya fundi. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji wameufuata mtindo huo kwa miaka mingi. Hazina za umma hazina budi kuuiga: kila mkopo uandamane na mfanyabiashara mzoefu, alipwe kwa kazi hiyo, naye aseme lugha aielewayo mkopaji. Mvukuto ukiwa wa wote, hata asiye mwana wa mhunzi atasana.