Akiba Inayooza

Mwaka 1974 Serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, hivyo disketi za michezo zilichelewa kufika majumbani mwetu. Shemeji yangu wa Nyarubungo anayo moja, ya marehemu kaka yangu. Mchezo wenyewe waweza kupatikana kwingine; lakini jina la marehemu, aliloliandika siku alipomshinda mwanawe, limo humo tu.

Sumaku hufifia, na ukungu hula utando wake. Basi, kabla ya kuisoma, sogeza kifungo kidogo cha pembeni hadi tundu lifunguke, isije ikafutwa kwa bahati mbaya. Kisha nakili yote, megabaiti 1.44, mahali pawili tofauti. Wahenga walisema akiba haiozi. Hii huoza.