KWANZA KUJUA KUANGUKA

Wandugu wapya, mwenye kutaka kuingia kilabu yetu ya judo ajue mbele: majuma ya kwanza hataangusha mutu. Atajifunza kuanguka: kidevu kifuani, mukono upige mukeka, kichwa kisiguse chini. Siku mbili ao tatu mwili utauma. Ni kawaida, itapita.

Kano Jigoro alianzisha judo kule Japani mwaka 1882, na jina lake maana yake ni "njia ya upole". Basi sisi wa mwaka wa sita tunasema wazi: mukubwa anayetupa mugeni asiyejua kuanguka, juu ya kuchekesha wengine, anaweza kumuvunja shingo. Ile hapana nguvu, ni woga. Mugeni akitendewa vile, amwambie mwalimu bila haya. Mukanda mweupe si aibu. Sisi wote tulianza nao.