Shilingi ya kwanza ya filamu itoke nyumbani

Aliyesoma Vuta N'Kuvute ya Shafi Adam Shafi shuleni anawajua Yasmin na Denge kama majirani zake. Filamu ya riwaya hiyo, iliyoongozwa na Amil Shivji, ilionyeshwa kwanza Toronto Septemba 2021. Mandhari ni Zanzibar ya miaka ya 1950, lugha ni Kiswahili. Lakini ukitazama nchi zilizoshirikiana kuitengeneza, baada ya Tanzania utakuta Afrika Kusini, Ujerumani na Qatar.

Asilaumiwe mtengenezaji. Filamu huru, ile isiyo na studio wala kituo cha televisheni nyuma yake, huanza kuomba fedha ikiwa bado karatasi tupu. Na mifuko ya Ulaya haigawi bahasha hivihivi. World Cinema Fund ya Berlin, iliyoanzishwa 2004, humtaka anayepata fedha zake awe na mshirika Mjerumani. Sørfond ya Norway humtaka awe na mshirika wa huko. Rafiki ya Wanuri Kahiu, filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa Cannes, mwaka 2018, ilihitaji washirika kuanzia Afrika Kusini hadi Norway. Anayekwenda kwenye meza hizo mikono mitupu hujadiliana akiwa amepiga magoti.

Kuna wakati fedha zilitoka Kariakoo, Dar es Salaam. Enzi za mwigizaji Steven Kanumba, msambazaji alinunua filamu kwa mkupuo, haki zote zikaenda naye, na mwenye kazi akalipa madeni na kuanza nyingine. Na ili hadithi moja iuzwe mara mbili, ilikatwa vipande viwili, "Part 1" na "Part 2". Ubora uliumia, tukubali. Ila lilikuwa soko, na lilikuwa letu, mpaka CD za wizi na flashi zilipolimaliza.

Wengine hujaribu harambee ya mtandaoni. Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, mtu wa filamu za mapigano zinazopigwa uani kwake, aliomba dola 160 kupitia Kickstarter mwaka 2015 akapata zaidi ya 13,000. Ni habari ya kuchekesha na kutia moyo, lakini nani atapanga bajeti ya mwaka ujao kwa kuutegemea muujiza wa aina hiyo?

Tanzania sasa ina Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, unaotoa mikopo kwa wasanii. Ni hatua, na waliokopa wakanunua kamera wanajua faida yake. Tatizo ni kwamba mkopo una tarehe ya marejesho. Mwandishi anayehitaji miezi minane kuandika skripti, kuzunguka Pangani akitafuta mahali pa kupigia picha na kuwajaribu waigizaji, atarejesha nini mwezi wa pili? Filamu nyingi hufia hapo, kabla kamera haijawashwa, na hakuna anayezihesabu.

Burkina Faso, nchi kame isiyo na bahari, ilitaifisha majumba ya sinema mwaka 1970 na kutenga sehemu ya mapato ya tiketi kwa ajili ya filamu za nyumbani. Miaka 20 baadaye Tilaï ya Idrissa Ouédraogo ilitwaa tuzo kuu ya majaji Cannes. Sisi majumba ya sinema ni machache. Watu wetu hutazama kwa visimbuzi na kwenye vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video mitaani. Neno tozo nalo lina uchungu tangu zile za miamala ya simu mwaka 2021, kwa hiyo hakuna haja ya kubuni nyingine. Vifurushi vya televisheni tayari vinakatwa kodi. Sehemu ndogo yake ingetosha kuanzia.

Wizara ya utamaduni na Mfuko huo waanze na skripti kumi kwa mwaka, kwa ruzuku badala ya mkopo, zichaguliwe hadharani na jopo ambalo hakuna mjumbe wake aliyeomba. Majina ya waliopata na kiasi walichopewa yachapishwe gazetini.