Alama za mtihani zisiwe hakimu wa pekee katika uteuzi wa wanafunzi

KWA miaka mingi, matokeo ya mtihani wa darasa la nane yalipotangazwa, wazazi nchini walikuwa na swali moja tu: je, mtoto ataitwa shule gani? Barua ya mwaliko wa kujiunga na shule ya kitaifa ilipokelewa kijijini kwa vigelegele, nayo barua ya shule ya kutwa ikafichwa kama aibu. Mtihani wa KCPE, ulioanza mwaka wa 1985, ulifanywa kwa mara ya mwisho 2023. Hata hivyo, mvutano kuhusu nani anastahili kualikwa haukuzikwa pamoja nao.

Mgala muue na haki umpe. Mtihani wa taifa ulikuwa na sifa moja kuu. Msahihishaji hakujua kama mtahiniwa ni mwana wa waziri au wa mchuuzi wa mboga. Alama zilipunguza nafasi ya wakubwa kupiga simu na kuwaombea jamaa zao viti. Katika nchi ambapo ukabila na ufisadi vimepenyeza mizizi, hilo si jambo la kupuuzwa.

Tatizo ni kwamba alama hazipimi akili ya mtoto peke yake. Hupima pia idadi ya walimu waliomfunza, vitabu alivyovipata na umbali aliotembea akiwa na njaa. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanzishwa 2003, zaidi ya watoto milioni moja walimiminika katika shule za umma, ilhali walimu hawakuongezwa kwa kiwango hicho. Wazazi wenye uwezo wakawahamishia wao shule za kibinafsi. Si ajabu kwamba shule hizo zilianza kujitwalia sehemu kubwa ya nafasi katika shule za kitaifa, ambazo wakati huo zilikuwa 18 pekee.

Ndipo mapema mwaka wa 2011 Wizara ya Elimu, ikiongozwa na Prof Sam Ongeri, ilipoamua kuzigawa nafasi hizo kulingana na idadi ya watahiniwa wa umma na wa kibinafsi. Watahiniwa wa KCPE 2010 walikuwa zaidi ya 700,000, nazo nafasi zilikuwa takriban 4,500. Baadhi ya wanafunzi wa shule za kibinafsi waliopata zaidi ya alama 400 kati ya 500 walijikuta nje, huku wenzao wa shule za umma wenye alama chache wakiitwa. Wamiliki wa shule za kibinafsi walilalamika kuwa watoto wanaadhibiwa kwa sababu ya bidii ya wazazi wao.

Malalamiko hayo yalikuwa na uzito, kwani mtoto hachagui shule anayopelekwa. Lakini pia hachagui umaskini. Mwanafunzi aliyepata alama 360 katika darasa la watoto 80 na mwalimu mmoja huenda ana kipawa kumshinda aliyepata 410 akiwa na kila kitu. Kuwapima wawili hawa kwa tarakimu moja ni sawa na kuwashindanisha mbio mmoja akiwa na viatu na mwingine akikanyaga miiba.

Isitoshe, mwaliko wenyewe huenda umetukuzwa kupita kiasi. Mwaka wa 2014 wanauchumi Adrienne Lucas na Isaac Mbiti walichapisha utafiti uliowalinganisha wanafunzi waliopenya shule za kitaifa kwa alama chache na waliozikosa kwa alama chache. Hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba shule hizo ziliinua matokeo ya KCSE ya waliopenya. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya sifa za shule hizo yatokana na kuwachukua watoto ambao tayari walikuwa weledi.

Kuna pia suala la karo. Barua isiyoandamana na fedha ni mlango uliofungwa kwa kufuli. Shule za kitaifa katika miji mikubwa ziliwekewa kiwango cha Sh53,554 kwa mwaka, fedha ambazo kibarua wa shamba la chai hawezi kuziweka kando. Starehe, iliyoanzishwa 1959, ilionyesha njia tofauti kwa kuangalia alama pamoja na ufukara wa mwombaji. Ufadhili wa Wings to Fly, ulioanza 2010, nao ulifuata mkondo huo.

Mfumo mpya uliahidi kupunguza makali ya mtihani mmoja. Katika tathmini ya KJSEA, iliyofanywa mara ya kwanza 2025, mtihani wa mwisho hubeba asilimia 60, tathmini ya Gredi ya 6 asilimia 20 na tathmini za shuleni asilimia 20. Ni hatua nzuri. Hata hivyo, wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 walipopangiwa shule za kujiunga nazo Januari 2026, kilio kilikuwa kile kile: watoto wenye alama za juu wamepelekwa shule wasizozichagua, na wazazi hawajui kompyuta ilitumia vigezo gani.

Wizara haina budi kuchukua hatua tatu. Kwanza, ichapishe kanuni za uteuzi mapema, kwa lugha inayoeleweka na mzazi wa kawaida. Pili, kila mwanafunzi alinganishwe na wenzake wa shule yake na kaunti ndogo yake, ili anayeongoza katika shule duni asimezwe na wingi wa alama za mjini. Tatu, anayeitwa naye ni maskini apewe ufadhili pamoja na barua ya mwaliko.

Lililo kubwa zaidi ni kuziinua shule za kutwa, ambako watoto wengi wa taifa hili husomea. Zikipata walimu na maabara, barua ya mwaliko haitakuwa tena hukumu ya maisha kwa mtoto ambaye hajatimiza hata miaka kumi na sita.